Mashine ya Ulaya na Kadi ya Mama Faili

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi namba 4, tarehe 13 mwezi wa tatu, kuanzia saa 3:20 asubuhi.

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Kazini anaitwa Waya.
Umri: miaka 34.
Kazi: fundi wa kompyuta, hospitali binafsi ya vitanda thelathini na sita.
Makazi: chumba cha kupanga, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la mbao.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikukamatwa. Nimekuja kwa sababu tangu juzi Sista Mkuu wa hospitali yetu yuko mahabusu hapa kituoni, anatuhumiwa kwamba alimchoma marehemu sindano bila kuuliza. Aliuliza. Aliniuliza mimi. Naomba hilo liandikwe kwanza, kabla sijaingiwa na woga.

Afande ameniambia nisipige chenga, nieleze tangu mwanzo. Mwanzo ni mashine.

Zamani mafaili ya wagonjwa wetu yalikuwa ya karatasi, na nusu yake yalikuwa pia kwenye kompyuta moja iliyokaa chini ya ngazi, karibu na ndoo za wasafishaji. Umeme ukikatika, nayo imelala. Baadaye tukakodi nafasi kwenye seva ya watu wengi, yaani kompyuta kubwa ya mbali inayotunza mafaili mtandaoni, ikawa sawa na kupanga kwenye nyumba yenye choo kimoja: jirani akijifungia, nyote mnangoja. Daktari alikuwa anabonyeza faili la mgonjwa, anamimina chai, anakunywa, anarudi, bado.

Mwaka jana mwezi wa nane Mkurugenzi aliniita ofisini kwake akasema, "Waya, tutoe kwenye aibu hii." Nilitafuta kwa wiki tatu. Nililinganisha nchi nne. Kila siku saa nne asubuhi, wodi zikiwa zimechangamka, nilituma ujumbe wa majaribio kwenye seva za kila nchi na kuandika kwenye daftari jibu limerudi baada ya muda gani. Nchi moja ya Ulaya ilizishinda nyingine zote. Ni nchi ndogo, lakini nyaya kubwa za mtandao zinakutana hapo kama barabara kwenye njia panda. Umeme wao haukatiki ovyo, na sheria yao inalinda siri za wagonjwa. Nikachagua tukodi seva nzima, mashine yetu peke yetu, hakuna mpangaji mwingine. Uchaguzi huo nautetea hata leo. Faili lililokuwa linangojewa hadi chai iishe likawa linafunguka kabla kidole hakijanyanyuka. Mkurugenzi alinipeleka mbele ya kikao cha asubuhi nikapigiwa makofi. Kichwa kilivimba, sikatai.

Makosa yalikuwa kwenye fomu ya kampuni iliyotukodisha. Waliuliza: mashine itatunzwa na mafundi wetu au mtaitunza wenyewe? Nikajibu tutaitunza wenyewe. Nani tena kama mimi? Wakauliza: mafundi wetu waiguse bila idhini yako? Nikajibu hapana, kwa sababu ya siri za wagonjwa. Wakauliza: mnataka nakala ya akiba ikae mahali pengine? Nikaandika "baadaye." Mwisho wakataka anwani ambayo watatutambulia. Nikaweka barua pepe ya hospitali, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana rasmi. Wiki iliyofuata, kwa kunogewa na ile kasi, nikazihamisha barua pepe zote za hospitali zikakae kwenye mashine ileile. Anwani kwenye fomu sikurudi kuibadilisha. Fundi mwenzangu akisoma hapa atashika kichwa. Kwa Afande naeleza hivi: nilifunga nyumba, na ufunguo wa akiba nikauacha mezani, ndani.

Sasa marehemu. Sote tulimwita Mama Faili. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa hospitali kwa miaka thelathini na moja. Hakunizaa, lakini nilipoanza kazi sina hata shati la kubadilisha, yeye ndiye aliyeniletea mashati mawili ya marehemu mumewe, yamepigwa pasi, akasema yanamjazia kabati, na lile langu linanuka. Ndivyo alivyokuwa. Akikusaidia, lazima kwanza akutukane kidogo.

Mwezi wa kumi na moja mafaili ya karatasi yalipelekwa kiwandani kusagwa. Ushauri ulikuwa wangu. Wiki moja kabla ya hapo niliingia masijala nikamkuta Mama Faili amezungukwa na mafaili, anaandika kwenye vikadi kwa kalamu nyekundu.

Nikamwambia, "Mama, unajiandaa na mtihani?"

Akasema, "Naandika watu ambao dawa zetu zinaweza kuwaua."

Nikamwambia wote wameshahamia Ulaya, kila mwenye mzio wa dawa ana alama nyekundu kwenye faili lake.

"Ulaya kwako ndiyo karibu," akasema. "Kwangu mimi karibu ni droo hii. Akiba haiozi, mwanangu."

Kadi zilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Alizipanga kwenye boksi la viatu. Nikaliita "seva ya viatu," na jina likashika hospitali nzima. Wauguzi walikuwa wakipita dirishani kwake wanauliza, "Mama Faili, seva leo iko hewani?" Na yeye anajibu, "Iko, ila ina soli iliyochakaa." Alicheka kuliko sisi.

Siku hiyohiyo ya kadi nilimtania tena. Nikamuuliza, "Na yako iko wapi? Au wewe hufi?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi nina mdomo. Mdomo wangu haungoji mtandao."

Naomba Afande aliandike neno hilo kama nilivyolisema. Nitalirudia.

Mnamo tarehe 11, saa 2:14 asubuhi, mfumo ulizima. Nilifikiri ni kwetu. Nikakagua nyaya, nikazima na kuwasha, nikajua si kwetu. Nikaingia kwenye ukurasa wa wateja wa ile kampuni ya Ulaya. Ukasema, kwa usalama wako tumekutumia namba ya siri kwenye barua pepe yako. Barua pepe yangu ilikuwa ndani ya mashine iliyozima. Nilikaa nikiutazama ule ukurasa.

Nikawapigia simu. Aliyepokea alikuwa mpole. Alisema kifaa cha kupitisha umeme ndani ya mashine yetu kimekufa, wanacho kingine mkononi, lakini maelekezo yetu wenyewe yanasema wasiguse bila idhini, na idhini lazima itoke kwenye anwani iliyoandikishwa. Nikamweleza anwani iko wapi. Akasema, "Pole sana, bwana." Akasema Mkurugenzi aandike barua yenye muhuri, waipitishe kwa wakubwa wao. Mkurugenzi alikuwa njiani anarudi safari, simu yake haipatikani.

Kuanzia saa tatu wodi zote ziliendeshwa na seva ya viatu. Mama Faili hakuwepo, alikuwa na siku ya pili ya likizo ya ugonjwa, alisema ni kikohozi tu. Sista Mkuu alijua droo ilipo. Kabla ya saa nne boksi lile lilikuwa limeshaokoa watu wawili, mzee wa kitanda cha tisa na mama mmoja aliyejifungua usiku wake. Nilikuwa masijala, simu sikioni, nawaona wauguzi wakiingia kupekua kadi. Hakuna aliyeniambia neno baya. Walikuwa wananikwepa tu, kama mtu anavyokwepa meza.

Saa 4:10 Mama Faili aliletwa na jirani yake kwa teksi. Hakuwa na fahamu. Homa kali, mapafu yamejaa. Jirani hakujua lolote kuhusu dawa zake, na mwanawe wa pekee yuko mbali, simu iliita bila kupokelewa. Daktari wa zamu alikuwa na wiki mbili tu kwetu, hakumjua. Aliagiza penisilini ya mshipa, akauliza kama mgonjwa ana mzio.

Saa 4:20 Sista Mkuu aliingia masijala. Alipekua boksi mara mbili, kadi moja moja, midomo yake ikisoma majina. Halafu akanigeukia.

"Waya, Mama Faili hayumo humu. Wewe ndiye uliyehamisha mafaili. Ana alama?"

Nikasema, "Hana."

"Una uhakika?"

Nikasema, "Sista, zile alama nyekundu nimeziweka kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine. Ya Mama Faili ningeisahau? Na kama anayo, si angejiandikia? Ameandika dunia nzima."

Akasema, "Kweli." Akatoka akikimbia.

Huo ulikuwa uongo, Afande. Sikuweka alama hata moja kwa mkono. Programu ilizihamisha zote alasiri moja, mimi nikiwa nakula mahindi ya kuchoma. Jina hata moja sikulisoma. Nilisema vile kwa sababu tangu saa mbili nilikuwa mtu asiyejua kitu, na pale nilipata nafasi ya kujua kitu kimoja. Ilikuwa raha ya sekunde tatu. Mungu anisamehe, niliisikia ile raha.

Saa 4:31 nilisikia troli ikisukumwa kwa kasi na Sista akiita jina la daktari. Nilifika mlango wa wodi. Uso wa Mama Faili ulikuwa umevimba hadi macho hayaonekani, na sauti aliyokuwa anavutia pumzi sitaielezea. Walimpigania. Sista alipanda juu ya kitanda akawa anamkandamiza kifua, kofia ikaanguka, hakuacha hata alipoambiwa aache. Mimi nilikuwa bado na simu mkononi. Yule wa Ulaya akauliza, "Bwana, bado upo?" Nikasema nipo.

Alifariki saa 5:20.

Mkurugenzi alifika saa tano na nusu akaandika barua, nayo ikakubaliwa saa 6:15 mchana. Kazi yenyewe ya kubadilisha kile kifaa iliwachukua dakika kumi na tisa. Saa 6:40 mfumo ulirudi, na faili la kwanza kufungua lilikuwa la Mama Faili. Lilifunguka upesi, kabla kidole hakijanyanyuka. Alama nyekundu ilikuwepo. Chini yake yalikuwepo maneno yake mwenyewe, ya miaka kumi na saba iliyopita: "Penisilini. Nusura nife. Nisichomwe."

Jioni Mkurugenzi aliniita. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisema, "Wewe hukushika sindano. Nyamaza, haya yatapita." Sista alikuwa ameshachukuliwa. Nimeambiwa kwamba hadi leo hajanitaja. Akiulizwa anasema, "Nilitazama mwenyewe, sikuona." Ana watoto watatu, mdogo yuko darasa la pili. Nilimwona jana getini kwenu, ameshika chupa ya chai ya mama yake, askari anamwambia angoje.

Nimeulizwa na Afande kama kuna la kuongeza. Lipo. Sista alipokuwa amesimama mbele yangu, mkono kwenye boksi, lile neno la mdomo lilikuwa kichwani mwangu. Mtu hawezi kuulizwa kadi yake iko wapi akajibu ana mdomo, kama hana mzio wa kusema. Mia mbili na kumi na tatu aliwaandikia kwa sababu huenda wasiweze kusema. Yeye hakujiandikia, kwa sababu hakuwaza kwamba siku moja atakuwa mmoja wao. Mimi peke yangu katika hospitali ile nilimuuliza, na mimi peke yangu nilijibiwa. Kama ningesema tu, "Sijui," daktari angechagua dawa nyingine, zilikuwepo kabatini. Sikutaka kukumbuka.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Nimeyasema nikiwa na akili zangu, hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Sista Mkuu aliuliza, na alijibiwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya askari aliyechukua maelezo: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote kwa sauti, naye amekiri ndivyo alivyosema. Ameleta boksi moja la viatu lenye kadi 213 zilizoandikwa kwa wino mwekundu. Tumezihesabu pamoja na nimelipokea kama kielelezo. Katika aya ya pili kutoka mwisho, kabla ya sahihi, nilikuwa nimeandika "Nilisahau," kwa kuwa ndivyo alivyotamka mara ya kwanza. Baada ya kusomewa aliomba nilikate neno hilo na kuandika "Sikutaka kukumbuka." Nimelikata kwa mstari mmoja, naye ametia sahihi pembeni. Maelezo yamefungwa saa 5:20 asubuhi.