Kwa Nini Tulikuambia Usije Jumapili

Kwai, Lushoto
Jumatano

Kwa dada yangu Elizabeti,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Mombo na joto lenu? Mgongo wa shemeji Alen umepoa? Huku miili ni mizima, ng'ombe anatoa lita saba, na ukungu ni ule ule, asubuhi mtu anaitafuta pua yake kwa mkono.

Najua umeninunia. Ulishasuka nywele, ulishanunua na samaki wakavu wa kutuletea, halafu Jumamosi mke wangu Yusta anakutumia ujumbe usije, bila sababu. Sababu ninayo mimi. Naiandika, mimi niliyeacha shule darasa la tano, kwa kuwa humu ndani simu haiongeleki. Jenoveva, huyu mtoto wa miaka saba tuliyekabidhiwa mwezi wa tatu, akiniona nimeweka simu sikioni huacha kula. Amelelewa nyumba mbili kabla ya yetu, na kote kuhamishwa kwake kulianza na simu. Basi uvumilie mwandiko.

Unanijua dada. Utingo wa malori miaka kumi na moja, nimevuka Tunduma, nimelala Lubumbashi, nimeamulia madereva walioshikiana spana. Tulipoitwa Lushoto mjini kwa mafunzo ya walezi wa kambo, nilikwenda kama mtu anayekwenda kufundisha. Siku tatu, chai na maandazi. Bi Scholastica, afisa ustawi wa jamii, alisema mtoto aliyehamahama hukojoa kitandani, huficha chakula, na pengine hucheka huku anaogopa. Akasema tusimtishe kamwe kwamba atarudishwa. Yusta akaandika yote. Mimi nikanyoosha mkono kuuliza kama kuna mafunzo ya watoto kulea wazee, ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwisho akatupa namba yake tupige tukikwama, na siku ya kikundi cha walezi, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Nikamwambia Yusta hayo ni mambo ya walioshindwa. Kikundini huwa anakwenda peke yake.

Basi Ijumaa mtoto alipotea.

Alirudi shule, akala, Yusta akaenda kukata majani ya ng'ombe. Kurudi, hayupo. Madaftari yamemwagwa kitandani, begi halipo, nguo zake mbili hazipo. Dada, mimi niliyelala porini simba wanapita, nilitoka mbio bila viatu. Ukungu ulishashuka, nikawa naita jina lake naona linaishia hapo hapo mdomoni. Nilichungulia kisima cha jirani yetu Tobia mara mbili. Mara ya tatu nilishindwa kuinua kifuniko. Tobia ndiye aliyemwona, saa kumi na moja jioni alipokwenda kukamua: kajikunja ndani ya hori la ng'ombe wake, kajifunika majani, begi kalikumbatia. Hakulia. Aliniangalia mikono tu, kama anayetafuta nimeshika nini.

Yusta akajilaumu, maana asubuhi ile alimkaripia kwa ajili ya shuka lililoloa. Akampigia Bi Scholastica, akasema kosa ni lake, yeye hafai kulea. Sasa Bi Scholastica anakuja keshokutwa kuona kama mtoto abaki au ahamishwe tena. Siku hizi zote Yusta analia jikoni, nami niko pale pale napuliza chai.

Dada, si Yusta. Ni mimi, na jina lako limo.

Alhamisi jioni, uliponipigia kwamba unakuja, nilimwambia Jenoveva kuwa dada yangu wa Mombo anauza mapeasi kwenye mabasi, na akikojoa tena namkabidhi kwake akauzwe pamoja nayo, abiria wa Moshi wanapenda vitu vitamu. Nilicheka. Naye alicheka. Kwetu nani hakuuzwa? Baba mdogo kwa mzaha alituuza kwa mchuuzi wa sufuria kila wiki na tukalala fofofo, kwa sababu tulijua kwetu ni wapi. Niliposikia mjini neno vitisho, nilidhani wanasemwa watu wakali. Mimi si mkali, dada. Kesho yake shuka likaloa.

Leo asubuhi nilipanda juu shambani nikapiga ile namba. Nilikosea tarakimu mara mbili. Bi Scholastica hakunifokea, bora angefoka. Alisema nimwambie Yusta kwanza, kisha mtoto, kwa maneno manyoofu yasiyo na mzaha, na kikundini nianze kwenda mwenyewe. Kuhusu keshokutwa hakuniahidi kitu.

Yusta aliposikia aliweka ndoo chini, akatoka. Nikachuchumaa mbele ya Jenoveva, nikamwambia hauzwi, dada Elizabeti hauzi watoto, ulikuwa mzaha wangu mbaya. Akafikiri. Akaniuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeulizia nauli: "Basi baba, mtanitoa bure?"

Nilimwambia hapana. Nimelisema mara tatu, na mpaka keshokutwa sijui kama nimemwambia kweli au nimemdanganya tena.

Usije kwanza, hata wakituachia. Atakapokutaja mwenyewe bila kuangalia mlango, nitakuita. Tuombee, hasa Ijumaa asubuhi. Msalimie sana shemeji na watoto, na unisamehe kwa kulitumia jina lako.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,
Valentino