Mparisi katika Vichochoro vya Lyon

Dada Solange,

Mimi bahati imenifuata hadi mlangoni: tajiri wa Paris niliyemtembeza jana ameniajiri nimwongoze mwaka mzima!

Ila mtu mwenyewe, mh! Viatu vyeupe kama vya bwana harusi, adabu hana. Nilimpitisha kwenye vichochoro vinavyokatiza ndani ya nyumba za watu, ambako sisi wa Lyon hunong'ona. Yeye akabweka: "Kwani humu wanaishi binadamu?"

Bibi Perrachon, mkazi wa humo, akachungulia dirishani. "Wanaishi, baba. Ng'ombe wetu wote tulishawapeleka Paris."

Nilicheka, dada, mpaka nikashika ukuta. Tajiri akampigia simu bosi wangu palepale.

Basi, ile habari ya mwanzo usiwatangazie majirani. Hakuna aliyeniajiri. Nimefukuzwa kazi.

Mdogo wako,
Firmin