Kompyuta Isiyojua Saa Zetu

Mama mpenzi,

Nakushika miguu kutoka Bondeni. Doa hilo ni tui la mbaazi, usinune. Nakula huku naandika kwa furaha.

Ile kompyuta niliyoitiwa kuisaidia kama muuguzi hospitalini hujifunza kwa majalada ya zamani ya wagonjwa wa saratani, ili itabiri ni nani anayeweza kuuawa na maambukizi. Juzi mchana aliletwa Bi Zuhura, na kompyuta ikamweka chini kabisa ya orodha ya walio hatarini, eti homa imeshuka, hana hatari. Mimi nilimshika paji la uso, likaniunguza! Nikalitaka daftari ambamo mumewe aliandika homa yake tangu asubuhi. Kaandika kama tusemavyo sote: saa kumi na mbili asubuhi hana homa, saa tatu homa, saa sita homa kali. Karani akaingiza tarakimu vilevile, na kompyuta, isiyojua kuwa kwetu saa kumi na mbili asubuhi hutangulia saa tatu, ikaiweka ile kumi na mbili mwisho. Ikaona homa imekwisha, kumbe ndiyo inapanda.

Nikazisahihisha saa zote. Bi Zuhura akaruka hadi juu ya orodha, na daktari akamdunga dawa papo hapo. Leo ameketi kitandani, analalamika uji hauna sukari.

Daktari akaniuliza, "Sista, kompyuta umesomea wapi?"

Nikamwambia, "Kompyuta sijasomea. Saa ndiyo niliyofundishwa, na mamangu, jikoni kwetu Lamu."

Mungu akuweke, na kesho uende sokoni kifua mbele.

Mwanao,
Rukia