Wiki Moja Kando ya Bahari ya Wales, na Lugha Niliyomficha Binti Yangu

Jumapili, mwezi wa nane. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na bati la jirani limeachia msumari, linapigapiga tu.

Jua lipo ila halina joto. Nimejifunga khanga juu ya sweta, niko jikoni kwangu hapa Bertrams, Johannesburg, na birika nimelichemsha mara mbili bila kumimina chai.

Nilirudi Jumatano kutoka Wales. Leo siku ya nne, na sijapata mtu wa kumhadithia safari yangu hadi mwisho.

Si kwamba sijajaribu. Baada ya ibada ya Kiswahili, ile tunayosali na Wakongo, nilimwonyesha picha Maman Furaha, msusi, ambaye tumekaa benchi moja kanisani miaka mingi.

"Maman Nomsa, ulifika mu Londres?"

"Hapana, si London. Wales. Kwa binti yangu."

"Wales ni ya wapi tena hiyo?"

"Imepakana na Uingereza, upande wa magharibi. Wana lugha yao wenyewe."

"Ah bon."

Akatazama picha tatu, akaisifu kofia yangu ya sufu, kisha mteja akampigia simu na yeye akaondoka. Simlaumu. Watu husuka hata Jumapili.

Basi nakuhadithia wewe, shajara. Wewe huna pa kukimbilia.

Kwa msomaji asiyenijua: mimi ni mtu wa Morogoro. Niliolewa huko na Themba, Msauzi aliyekuwa uhamishoni kwetu kwa mambo ya siasa, na mlango wa kwao ulipofunguliwa tukaja wote Johannesburg. Tukamzaa Nomsa, huyo huyo mmoja. Themba alifariki miaka sita iliyopita. Nomsa ni muuguzi, ameolewa Wales na kijana mpole anayeitwa Rhys, na wana binti wa miaka saba, Eleri. Mwaka huu walikodi nyumba ndogo ya mawe kando ya bahari kwa wiki nzima, wakanikatia tiketi niende tukae pamoja.

Niliyoyaona huko nayaandika kabla hayajanitoka.

Kuna njia ya miguu inayopita juu ya majabali, bahari iko chini yako muda wote, na kondoo wanakula majani ukingoni kabisa kana kwamba hakuna cha kuogopa. Tuliona sili watatu wamelala juu ya mwamba kama magunia yaliyolowa. Mmoja akainua kichwa, akatukagua kama mwenye nyumba anavyowakagua wapangaji. Tulipanda ngazi za ngome iliyobomoka, nikafika katikati nikakaa. Tulikwenda na mashua kuwatazama pomboo; wenzangu waliwaona, mimi niliona ndoo niliyopewa nitapikie.

Maji yakipwa, ufuko unakuwa mrefu kiasi kwamba watu wa mbali wanaonekana kama vijiti. Bahari niliyoizoea ni ya Durban, ambayo unaingia huku unacheka. Hii nilitia miguu nikatamka maneno ambayo mchungaji asingeyapenda.

Mvua ikinyesha tulikula samaki na chipsi ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, hakuna anayeona nje, na wote tukasema mandhari ni nzuri. Mama yake Rhys alitutumia mikate midogo bapa yenye zabibu kavu, inayookwa juu ya chuma kama chapati. Nilikula sita.

Nilikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane.

Ila mezani Rhys na Eleri walikuwa wakiongea Kiwelisi. Rhys amemsemesha mtoto lugha hiyo tangu hajazaliwa, na shule anasoma kwa lugha hiyo hiyo. Nomsa naye amejifunza. Si sana, lakini akiombwa chumvi anajua ni chumvi. Mimi nilikuwa natabasamu kila wanapocheka, bila kujua kinachochekesha.

Siku ya nne tulikwenda gatini. Watoto wa kule wana mchezo: unafunga kipande cha bekoni kwenye uzi, unashusha majini, unangoja. Eleri akavuta uzi wake na kaa mkubwa ananing'inia.

"Cranc, Gogo! Sema cranc!"

Gogo ndiye mimi. Bibi kwa Kizulu, jina alilofundishwa na mama yake. Nikasema cranc. Akacheka matamshi yangu mpaka akakaa chini.

"Na kwenu mnamwitaje?"

"Kaa."

"Kaa!" Akalipenda neno. Akalirudia mara kadhaa, kisha akamkimbilia mama yake kumjaribu, kama watoto wanavyofanya wakipata kitu kipya. "Mama, huyu kwa lugha ya Gogo anaitwaje?"

Nomsa alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. "Sijui, mpenzi," akasema kwa Kiingereza. "Gogo hakunifundisha."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba duka limefungwa.

Nikayatazama maji.

Alasiri Rhys akaenda na Eleri kununua maziwa, sisi wawili tukabaki kwenye benchi nje ya nyumba, taulo zimeanikwa ukutani. Nilijua nikinyamaza siku hiyo nitanyamaza moja kwa moja. Tuliongea Kiingereza, kama siku zote.

"Nilikuwa nakulinda," nikamwambia.

"Na nini?"

"Na kuitwa kwerekwere, lile tusi lao kwa wageni. Ulipokuwa mdogo, mtaani kwetu ilitosha mtu kusikia mama yako ana lafudhi. Nilikuwa dukani nanyoosha kidole bila kusema kitu. Sikutaka mtu akusikie na neno langu mdomoni."

Akanigeukia. "Nilijua mambo ya nje, Mama. Lakini ndani? Mlango ukiwa umefungwa?"

Nikaanza kunyoosha taulo moja pale ukutani.

"Nilikuwa nakusikia jikoni ukiongea na Mama Mdogo kwa simu," akasema. "Ulikuwa unacheka kicheko ambacho hukuwahi kucheka na sisi. Nikaamini hiyo ni lugha yako ya kuongea na watu unaowapenda kuliko mimi."

Mama Mdogo ni Rehema, mdogo wangu aliyebaki Morogoro.

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia nampenda kuliko chochote Mungu alichonipa. Nikamshika mkono, akauacha mkononi mwangu, lakini ulikuwa mkono tu. Kisha Eleri akarudi anakimbia na maziwa, na Nomsa akainuka kuanua taulo.

Siku tatu zilizobaki tulikuwa watu wenye adabu. Chai, Mama? Asante, mwanangu. Uwanja wa ndege alinikumbatia muda mrefu.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema pale kwenye benchi.

Aliona nusu ya ukweli. Miaka ile ya kwanza hapa nilikuwa mgeni kila mahali: sokoni, hospitali, hata kwa wakwe waliokuwa wema kwangu. Siku nzima nilikuwa napanga sentensi kichwani kabla ya kuzitoa. Nikipiga simu kwa Rehema nilikuwa napumzika. Palikuwa mahali pangu peke yangu. Nomsa akija jikoni kunivuta sketi nilikuwa nampungia mkono aondoke. Alikuwa na miaka minne, mitano. Ningeweza kumpakata, akasikia, akajifunza bila hata kufundishwa.

Nilimfungia nje. Si kwa ajili ya majirani tu. Kwa ajili yangu.

Na leo ndani ya nyumba hii sina wa kusema naye lugha hiyo. Nimejisikia nikiliambia birika "haya, chemka basi."

Saa tisa nikampigia. Hakupokea. Akaandika kwamba anajiandaa kwenda kazini, tutaongea kesho. Nilitaka kuiacha simu mezani, nikaogopa kwamba kesho nitakuwa mwoga zaidi. Nikabonyeza kile kialama cha kurekodi ujumbe wa sauti, nikaongea.

Kwa Kiswahili. Chote.

Nilimweleza siku aliyozaliwa. Kwamba nililia kwa Kiswahili na wauguzi hawakunielewa, na Themba akawa mkalimani mlangoni huku naye analia. Kwamba walipomweka kifuani pangu nilimwambia karibu, mama yangu, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoambiwa hapa duniani. Nikamweleza habari ya jikoni, jinsi nilivyompungia mkono. Nikasema nisamehe. Kwa Kiingereza nisingeweza. Ningeanza kupanga sentensi. Dakika nne na nusu. Nikatuma kabla sijajisikiliza.

Ndipo nikapata hofu. Nimeungama kwa mtu asiyeelewa neno hata moja. Je, huo nao si uoga?

Nimeosha kikombe ambacho sijakinywea. Nimefuta meza iliyokuwa safi. Upepo umepungua kidogo, na mtaa mzima una ukimya ule wa Jumapili jioni wakati kila mtu yuko kwa watu wake.

Saa kumi na moja kasoro simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa Nomsa, mfupi, kwa nyuma injini ya gari imewashwa.

Anasema amesikiliza mara mbili nje ya hospitali kabla ya kuingia zamu. Ameshika jina lake, na jina la Baba, basi. Anasema amelia na hajui analilia nini. Kisha akavuta pumzi.

"Tuma nyingine, Mama. Polepole zaidi. Na usiniambie kwa Kiingereza ulichosema. Nataka nifike mwenyewe."

Atafika, namjua mwanangu. Siku moja ataielewa habari ile ya jikoni, neno kwa neno, na mimi sitakuwepo pembeni yake kujitetea.

Hata hivyo nitatuma nyingine kesho asubuhi. Nianzie wapi?