Kigari cha Masika

Kambi ya Polisi,
Kasese.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Mama mkwe,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiwa nimeinama huku Kasese kana kwamba umesimama mbele yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limepata nafuu. Watoto wa huko Kamuli hawajambo? Mihogo imekubali mwaka huu? Sisi huku tu wazima, Mungu anatulinda. Mjukuu wako Masika ametimiza mwaka mmoja na mwezi, ana meno sita, na kila akishikacho lazima akionje kwanza, hata kofia yangu ya kazi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisoga changu unakijua, kinaishia kwenye salamu. Wewe uliishi kambini na marehemu mzee miaka mingi, Kiswahili cha jeshi umekila pamoja na posho, kwa hiyo utanielewa. Na nimechagua barua badala ya simu kwa kuwa mambo mengine yanataka mtu akae nayo. Tangu harusi tumeonana mara mbili tu, na mara zote mbili ulikuwa umegeuza uso, kama mila yenu inavyotaka kati ya mama na mkwewe. Karatasi unaweza kuitazama bila kuvunja mila.

Mwezi uliopita uliniuliza kama kweli mwanamume peke yake anaweza kulea mtoto mchanga wa kike. Ulisema kwamba tangu Nabirye apande ndege na wenzake wa jeshi kwenda kulinda amani Somalia, moyo wako hautulii, na kwamba ingefaa Masika aletwe kwako mpaka mama yake amalize mwaka wake. Hukukosea kuuliza. Nilikuomba unipe mwezi mmoja nikuonyeshe jinsi tunavyoishi. Mwezi umekwisha, na hii ndiyo taarifa yangu.

Mchana nikiwa kazini, Masika anakaa kwa Shakira, mke wa jirani yangu Omara, mwanamke mwenye mapacha wake na bado ana moyo wa kuongeza. Taabu ilikuwa alfajiri. Unajua Nabirye alinikuta nikiwa mtu wa chupa, na kilichonitoa huko ni kukimbia, kila alfajiri, kabla jua halijanikuta kitandani. Aliniambia ataolewa na mkimbiaji lakini mlevi hamtaki, nami nikalishika neno hilo. Alipoondoka niliacha kukimbia. Mtoto siwezi kumwacha ndani peke yake, na Shakira siwezi kumwamsha saa kumi na moja kwa ajili ya miguu yangu. Wiki ya tatu nikajikuta napita karibu na baa ya kona hata siku ambazo njia yangu haikuwa hiyo. Niliogopa, Mama. Nikamfunga Masika mgongoni kwa kitenge kama wafanyavyo akina mama, nikajaribu kukimbia naye. Kichwa chake kikawa kinagonga mgongo wangu kama mchi, akanitapikia maziwa ndani ya kola. Kambi nzima ilicheka, na mkuu wetu, Afande Tumusiime, akaniamuru nipige saluti hivyo hivyo na mtoto mgongoni.

Ndipo nikaona kwenye simu picha ya baba mmoja wa Ulaya anakimbia huku anasukuma kigari, na mtoto ndani amelala fofofo. Nilikaa na picha ile siku nzima. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kukimbia na mwanawe na wote wawili wakafurahi. Ijumaa nikaenda soko la Mpondwe, pale mpakani, maana kila kitu ambacho watu wa mbali wamekichoka hufika pale. Mwanamke mmoja kutoka upande wa Kongo, anaitwa Chérie, alikuwa na vigari vya mitumba. Kimoja kilikuwa cha zambarau, kina paa la kitambaa na mahali pa kuweka chupa, na magurudumu yake madogo ya mbele yalikuwa yanageuka huku na huku kama macho ya mwizi. Chérie alinihakikishia kwamba mutoto ya afande itaikala mule ndani sawa mutoto ya gouverneur. Nami, Mama, mtu akishaniita afande na kunitajia ugavana kwa pumzi moja, akili yangu hutoka nje kidogo. Nikakinunua.

Nilipokuwa narudi, boda boda iliyonibeba ilipasuka tairi hapo Bwera, tukaisukuma hadi kibanda cha fundi mmoja aitwaye Kosiya. Huyu hutengeneza zile baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, ambazo walemavu huvushia mizigo mpakani. Yeye mwenyewe hutembelea moja, miguu yake ilikauka tangu utotoni. Alipomaliza tairi alikiomba kigari changu, akakipindua chini juu, akazungusha gurudumu kwa kidole, akauliza nataka kufanya nacho nini. Nikamwambia. Akakirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akasema:

"Afande, hii iko ya kutembeza mutoto polepole sokoni. Ukikimbia nayo, magurudumu ya mbele itatafuta njia yake, na wewe utatafuta yako."

Akanieleza kwa subira. Cha kukimbia kinataka magurudumu matatu makubwa yenye mpira wa hewa ili mawe yasimfikie mtoto, na lile la mbele likazwe lisigeuke. Mtoto alale nyuma kidogo, uzito uwe chini, mikanda ipite mabegani na katikati ya miguu. Breki iwe mkononi, na kamba iunganishe kigari na kiwiko chako ili ukijikwaa kisikukimbie. Na kabla ya kumtia mtoto, kijaribiwe kwa gunia la unga lenye uzito wake. Akasema anaweza kunitengenezea. Nikashukuru, nikaondoka. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilitazama zile baiskeli zilizojaa pale nikafikiri, mtoto wangu mzima nimtie katika kitu cha walemavu, si kujiitia balaa? Na kambini watasema nini?

Basi nilikijaribu kigari cha zambarau kwa gunia dogo la unga, kwenye barabara ya Kilembe. Kupanda kilikwenda vizuri. Kushuka, magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka, moja likakutana na jiwe, kigari kikapinduka na unga ukamwagika barabarani. Siku hiyo hiyo nikarudi Bwera, kichwa chini.

Kosiya hakunicheka. Alitaka nimlete mtoto, nami nikamleta siku ya pili. Akampakata kwenye mapaja yake, akampima kwa uzi kama fundi wa nguo, mabega, kiuno, urefu wa shingo, akaniuliza kama anakaa mwenyewe bila kuegemea. Masika alimshika ndevu, akamwacha afanye kazi. Nilimwona fundi yule akikata bomba, akichomelea, akinyoosha spoku za magurudumu kwa kuzigusa tu na kuzisikiliza, na kila nilipodhani amemaliza, alikuta kitu kingine cha kukaza. Kilipokuwa tayari tuliweka mchanga ndani, akaniamuru nikimbie nacho njia nzima ya nyuma ya kibanda, naye akinifuata ubavuni kwa baiskeli yake ya mikono, amefumba macho. Nilipouliza anasikiliza nini, akasema mguu wangu wa kushoto unatua mzito kuliko wa kulia, ndiyo maana kigari kinavuta upande mmoja. Nikaangalia soli za viatu vyangu. Ya kushoto imelika hadi kitambaani. Mama, mtu huyu hajapiga hatua hata moja tangu akiwa na miaka mitatu. Nilimvulia kofia pale pale.

Sasa nikusimulie asubuhi ya kwanza. Nilimpeleka Mubuku, kwenye njia tambarare kati ya mifereji ya mashamba ya mpunga, mahali pasipo magari. Nikamfunga mikanda yote, nikafunga kamba kiwikoni, nikaanza polepole. Nilitarajia kilio. Hapakuwa na kilio. Nikaongeza mwendo kidogo, nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu mama yake aondoke, anaimba, wimbo wake usio na maneno, na sauti inakatika kila tunapopita kwenye mashimo. Korongo waliruka kutoka kwenye mpunga. Halafu jua likatoka, na Rwenzori, ambao miezi mingi huwa umejifunika mawingu, ulikuwa wazi hadi juu kabisa, hadi kwenye theluji. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo na nilikuwa nimeacha kuutazama. Masika alinyamaza, akanyoosha mkono mzima kuuelekezea, akabaki hivyo. Nilisimama. Wanawake wa palizi nao wakasimama, wakatazama anakotazama mtoto. Nilijiuliza ni nani aliyenikabidhi mtu kama huyu.

Tangu siku hiyo tunakimbia kila alfajiri, na chupa sijaigusa. Kambini walinisema siku mbili, siku ya tatu Afande Tumusiime akaniomba namba ya Kosiya.

Hapa nilikuwa nimemaliza. Nilikwisha kuweka sahihi kwenye karatasi nyingine, kisha nikaisoma barua yote tangu juu, na nilipofika kwenye unga nikashindwa kuendelea. Ile karatasi ya mwisho nimeichana.

Hapakuwa na unga, Mama. Alikuwa Masika.

Kosiya aliniambia nijaribu kwanza na gunia, nikajiona najua kuliko fundi. Nilimfunga mkanda wa kiuno peke yake, maana kigari kile hakikuwa na mwingine, nikashuka nacho mlima wa Kilembe kwa mbio, nikijisifu. Kilipopinduka alipinduka nacho. Alipasuka juu ya jicho la kulia. Nilimbeba mbio hadi kliniki, wakamshona nyuzi tatu. Shakira na Omara wanajua, niliwasihi wanyamaze. Zile picha nilizokutumia, ambamo amevaa kofia ya sufu kwenye jua la Kasese, sasa unaelewa kwa nini. Ilikuwa siku ya nne ya ule mwezi niliokuomba, na niliogopa kwamba ukijua utamchukua.

Nimekuambia juu ya mlima na juu ya fundi, lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kile nilichokiona pale barabarani. Nilipokigeuza kigari, damu imejaa usoni, alinitazama. Akaninyooshea mikono miwili. Mimi niliyemwangusha, ndimi aliyetaka nimbebe. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, na siku ile nilikuwa nimestahili kidogo kuliko siku zote.

Nilipoichana ile karatasi nilimpigia Nabirye kwanza, nikamwambia yote. Akasema, "Umwambie Mama mwenyewe, kwa mkono wako. Atakalosema Mama, mimi niko nyuma yake." Basi nimekuambia kwa mkono wangu.

Kabla hujaamua, naomba jambo moja. Njoo umwone. Najua huwezi kulala chini ya paa la mkweo, wala sitathubutu kukuomba. Shakira amekutengea chumba kwake, mlango wa tatu kutoka kwangu. Alfajiri ukifungua mlango utatuona tukipita, na mkimbiaji hana nafasi ya kutazama uso wa mtu, kwa hiyo mila yako itakuwa salama. Mtazame yeye. Ipapase ile alama ya juu ya jicho. Halafu useme.

Ukisema aende nawe Kamuli, sitabisha hata neno moja, na nitakupelekea kigari ili atakayeweza kukimbia huko akimbie naye. Nguo zake nimeshazifua, nimezikunja, nimezipanga kwenye begi. Zipu ndiyo mkono wangu umekataa kuifunga. Hiyo nakuachia wewe.

Shakira na Omara wanakusalimu. Wasalimie wote wa nyumbani, na wale wa kanisani wanaotuombea. Masika hajui kusalimu bado, lakini nimemshikisha kalamu hapa chini, na huo mkwaruzo ni wake.

Ni mimi mkweo, nikingoja neno lako,

Koplo Fred Kathembo