Mlango Uachwe Ulivyo

Wanangu,

Chakula nimekifunika jikoni. Vikombe nimeviweka sakafuni makusudi, msivirudishe kabatini, ardhi bado haijatulia. Ikitikisika tena, tokeni nje kwanza, viatu baadaye.

Asubuhi mkiwa mmelala fofofo kilipita kitetemeko kidogo, mkia wa lile tetemeko la juzi. Mlango wa mbele ukagonga mara mbili, ukanyamaza. Vilevile anavyousukuma baba yenu kwa bega kila ukimkwamia. Mtu mzima mimi nikatoka mbio na povu la sabuni usoni: "Nakuja, usivunje mlango wa watu!" Nikafungua. Hakuna mtu. Kuku wa jirani tu, ananishangaa.

Najua daraja la huko pwani anakofanya kazi limekatika. Na jana kwenye simu si mlinisikia nikimwambia akae hukohuko, nyumba imepata utulivu? Haya, chekeni.

~~Seremala akija leo, aurande mlango usikwame tena.~~

Seremala akija, mpeni chai aende zake. Mlango uachwe ulivyo.

Na usiku msitie komeo.

Mama