Vikombe Viwili kwa Geti la Picha

Jumamosi, Kapsoya

Na bado nilibeba vikombe viwili, mjinga mimi.

Kila tukienda kuona picha pale jumba la sanaa mjini, mimi na Njeri hufanya hivyo hivyo. Chakula cha nje hakiruhusiwi ndani, kwa hivyo tukimaliza tunakaa kwa nyasi karibu na geti, namimina chai ya thamosi na tunakula nduma.

Leo amekuja na Atieno, mwalimu mpya wa shule anakofundisha. "Mama Brian, leo tuingie kwa mkahawa wao," Njeri akaniambia. "Atieno anasema keki yao ni tamu sana."

Thamosi ikabaki kwa askari wa geti. Huko ndani nikasema nimeshiba. Uongo mtupu! Njaa ilikuwa inaniuma, lakini keki ya Atieno singekula.

Mhudumu alipokuja, Atieno akaagiza bila hata kumwangalia Njeri: "Huyu mletee chai bila sukari. Daktari amemkataza."

Daktari gani? Lini? Njeri akaanza kupanga vijiko mezani.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na sikujua. Atieno wa juzi anajua.

Nimerudi nyumbani na thamosi yangu, nimeifungua sasa. Chai bado iko moto, na sukari ni vijiko vinne, vile Njeri hupenda. Vile alikuwa anapenda.

Ningefaa kushtuka kwa sababu rafiki yangu ni mgonjwa. Nimeshtuka kwa sababu aliyeambiwa ni Atieno, si mimi.